Talaka Iliyoning'inia kwenye Kaseti

Keinan alikuwa mtu wa viapo. Ukimwuliza kama pasi inashika moto, atakuapia. Ukimwuliza kama mvua imenyesha Diff, alikozaliwa, atakuapia pia, na huko hajakanyaga tangu auze ngamia wake aje Garissa kufungua kibanda cha vyombo vya umeme. Mimi nilikuwa nauza vitenge kibanda cha pili, na nilisikia jina la Mungu likiuza saa na redio mpaka nikawa namwombea. Mwongo hakuwa. Mdomo wake ulitangulia kichwa, basi.

Mkewe Nafiso alikuwa wa maneno machache. Alimletea chakula cha mchana kutoka nyumbani kwao, mtaa wa Galbet, akakaa nyuma ya kabati la vioo, na Keinan akimaliza kuapa, yeye alimwambia mnunuzi taratibu, "Hiyo saa inachelewa kidogo, lakini ni imara." Watu walinunua kwa neno lake Nafiso. Keinan alidhani wananunua kwa viapo vyake.

Mwaka wa tisini na tano akaja Bulle, dereva wa lori la mbuzi. Bulle alikulia Mombasa, Kisomali chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo naye tulizungumza Kiswahili. Mtu mzima mwenye kitambi, na ugonjwa wake ulikuwa gemu. Nyumbani alikuwa na mashine ya zamani ya kuunganisha na televisheni, na kaseti zake sanduku zima. Sasa alitaka kitu cha kumliwaza akiwa barabarani, lori likisubiri msafara wa polisi. Keinan akamtolea mashine ya mkononi, nyeusi, yenye kioo chake chenyewe.

Bulle aliigeuzageuza, kisha akauliza swali la maana: itacheza kaseti zake za zamani? Kaseti ilikuwa pana kama kiganja, na tundu la mashine lilikuwa dogo. Keinan akasema kuna kiungo kinachochomekwa katikati, na ubongo wa hii ndogo ni ule ule wa ile kubwa, umepunguzwa umbo tu. Hayo aliambiwa na binamu yake Abdishakur wa Eastleigh, Nairobi. Kiungo chenyewe hajawahi kukiona.

"Labda," akasema Bulle.

Wanaume waliokuwa wakinywa chai pale wakacheka. Mmoja akasema Keinan anaweza kuuza hata redio bubu. Nilimwona anavimba shingo, nikajua linakuja jambo. Kuna kiapo kimoja wanaume wa soko lile wanakiogopa kuliko vyote, ndiyo maana wakikasirika wanakikimbilia.

"Habana labda," akasema Keinan, ambaye ulimi wake wa Kisomali uligeuza kila p kuwa b. "Hii dogo inacheza kaseti ya ile kubwa. Kama haichezi, bibi yangu Nafiso nimeacha. Nimeacha. Nimeacha."

Nafiso alikuwa pale pale nyuma ya kabati, anafunga vyombo vya chakula. Alimaliza fundo lake, akainuka, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Mimi nilitamani kumpiga Keinan kwa jora la kitenge, na mpaka leo sijui kwa nini sikufanya hivyo.

Mume na mke walikwenda kwa Maalim Mahat siku ile ile. Maalim hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Mashine ikicheza, kiapo kimeanguka na ndoa iko. Isipocheza, talaka tatu zimepita na hakuna kurejeana. Mpaka ijulikane, kila mmoja alale kwake. Nafiso akaenda kwa kaka yake Ogle, na bunda la nguo na redio yake ndogo.

Kiungo kikaagizwa kwa Abdishakur. Siku hizo njia ya Nairobi ilikuwa na majambazi, na basi halikuondoka bila askari. Kila basi lilipoingia Keinan alikuwa amesimama mlangoni, na kila liliposhusha watu bila mzigo wake alirudi kibandani rangi imemtoka. Nilimhurumia. Kisha nilimsikia anamwambia mteja, "Wallahi kitafika," huruma yangu ikaisha.

Kikafika baada ya sala ya alasiri siku ya Alhamisi. Habari zilienea kabla hajakata kamba ya mzigo. Maalim akaja, Bulle akaja na kaseti, Ogle akaja na dada yake, na soko zima likajaa mbele ya vitenge vyangu. Keinan akachomeka kiungo, akachomeka kaseti juu yake. Akawasha.

Kioo kiliwaka mara moja, kikazima.

Akawasha tena. Kiza. Bulle, ambaye hakutaka ubaya na mtu, akasema kwa sauti ndogo kwamba haichezi. Keinan akaketi chini kwenye vumbi. Ogle akasema basi, yamekwisha, na Maalim akainua mkono kumwambia angoje, lakini uso wake ulikuwa umeshakubali.

"Betri zimekaa juani," akasema Nafiso.

Alitoa redio yake ndani ya jilbabu, akaifungua mgongo, akampa Maalim betri moja moja. Maalim akazibadilisha mwenyewe. Kioo kikawaka, muziki ukalia, na mtu mdogo wa rangi akaanza kukimbia kwenye majani. Bulle akainyakua na kucheza hapo hapo. Watu wakamshukuru Mungu, wanaume wakamwinua Keinan wakimpiga mgongoni, na mimi nikalia waziwazi.

Nafiso alingoja watulie. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili hata Bulle awe shahidi.

"Betri nimetoa ili mtu asiseme niliachwa na mchezo. Nikitoka, nitatoka kwa mdomo wangu. Maalim, ndoa iko?"

"Iko."

"Mwanamke akitaka kutoka, anaanzia wapi?"

Maalim akamjibu kwamba anaanza kwa wazee wa pande mbili, na kwamba mlango wake uko wazi. Keinan akamsogelea mkewe. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile. Alitaka kumwahidi kwamba amekoma, hatarudia, na akaanza kwa njia pekee aliyoijua.

"Wallahi, Nafiso, sitaaba tena."

Hakuna aliyecheka. Nafiso akasogea kwa Bulle, akaichukua ile mashine mikononi mwake katikati ya mchezo, akatoa betri. Kioo kikazima. Akazirudisha kwenye redio yake, maana habari za Kisomali zilikuwa karibu kuanza, akaondoka na Ogle kurudi nyumbani kwa kaka yake.