Niliacha Chembe za Bahari Zioze, Nikanyamaza

Nilikosa. Siilaumu bahari, wala uchovu, wala shetani. Ni mimi.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Panda, hapa mjini Likasi, Kongo. Nilisoma, nikabahatika kupanda meli ya utafiti. Tulichunguza vijidudu vinavyoishi kwenye chembe zinazozama baharini: mabaki ya mimea midogo, mavi ya wanyama wadogo wa maji, uchafu unaoshuka polepole mpaka gizani. Chembe moja, vijidudu maelfu, jamani!

Aliyenitafutia nafasi hiyo ni dada wa kwetu, nitamwita Odette. Chembe za kina kirefu zilikuwa za utafiti wake wa udaktari. Kazi yangu ilikuwa kuzitia kwenye friza mara tu zinapopandishwa.

Siku hiyo nilikuwa nimetapika tangu alfajiri. Nikaacha sanduku la vichupa vya chembe mezani, nijilaze kidogo tu. Kuamka, jua limepinduka. Vichupa vyote vina joto! Nikavipanguza, nikavitia kwenye friza, nikaandika saa ya uongo daftarini.

Miezi ikapita. Vipimo vya Odette vikatoka: vijidudu vya kuoza, basi. Profesa wake akamwambia mbele yetu kwamba mikono yake haifai kwa maabara.

Odette akanifuata nje.

"Weye ndjo ulibeba sanduku. Haukuona kitu?"

"Hapana, yaya, dada yangu. Minye niliweka muzuri."

Akaniamini! Ee Mungu wangu, akaniamini.

Chuo kikamfutia nafasi, akarudi Likasi. Mimi nikamaliza masomo, leo nafundisha. Nikiwaambia wanafunzi waandike walichokiona, ulimi unakuwa mzito. Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka kweli.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Alikuwa anaanika mihogo uani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele.

"Hospitali walinipatia kazi ya kupima damu," alisema. "Nikakatala. Niliogopa nitaua mutoto wa muntu na hii mikono."

Akarudi kugeuza mihogo yake.

"Wende sasa. Niko na kazi."

Nimemwandikia profesa ukweli wote. Hajajibu. Hata akijibu, nani atamrudishia Odette miaka yake?

Wewe unayesoma hapa, umeharibu kitu cha watu? Kiseme leo, kikiwa bado ni kitu. Mimi nilingoja, nikaharibu mtu.