Dada na Mtambo Usiosubiri

Dada yangu mkubwa ni mlezi wa programu. Ndivyo ninavyomjibu jirani akiuliza anashinda akifanya nini na ile kompyuta kwenye meza yetu ya kulia. Mbali huko, chini ya ardhi, kuna mtambo wa wanasayansi unaogonganisha chembe zisizoonekana kwa macho. Watu mia kadhaa wanauandikia programu, kila mmoja na kipande chake. Dada hukusanya vipande, huvijaribu, huvishona viwe toleo moja, kisha hulifunga. Mtambo ukishawashwa hakuna anayeligusa, hata yeye mwenyewe. Kazini wanamwita Bi Kufuli.

Mwaka huu toleo lilipita majaribio yote. Mtambo ulipowashwa tu, nikiwa namnyonyesha mwanangu, nikamwona dada ameacha chai ipoe, anaukodolea macho mchoro mmoja.

"Vipi, dada?"

"Kapu moja tupu."

Akanieleza polepole, kama anavyomwimbia mtoto. Migongano ni mingi mno, haihifadhiki yote, kwa hiyo programu huchagua: hii weka kwenye kapu la aina yake, hii tupa. Kuna aina moja adimu, na kuna binti mwanafunzi aliyekuwa akiisubiri. Utafiti wake wote uko hapo. Toleo la dada lilikuwa linaitupa. Alilijaribu kwa data za mwaka jana, na mwaka jana kifaa kinachoiona aina hiyo kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo. Kapu tupu likaonekana sawa.

Akampigia mkuu wa zamu kule mtamboni.

"Bi Kufuli! Leo unataka kuvunja kufuli lako mwenyewe?"

"Kaka, ni mstari mmoja tu."

"Hata nukta. Sheria uliiandika wewe. Nikisimamisha mtambo, wote wanapoteza. Ngoja msimu uishe."

"Ukiisha kitakuwa kimebaki nini?"

"Ndiyo hivyo, dada yangu. Pole."

Kabla hajaweka simu chini, yule binti akapiga.

"Dada, migongano yangu inaingia?"

"Haiingii, mdogo wangu. Kosa ni langu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na iliyotupwa hairudi."

"Muda wangu chuoni unaisha na msimu huu. Sasa nifanyeje?"

Dada akaugeukia tena mchoro.

Tangu hapo kila asubuhi alifungua mchoro uleule. Mimi darasa langu la saba halifiki huko; nilichoweza ni kumpashia chai. Siku moja nikamwambia auache.

"Nisipoutazama utajaa?"

"Hapana."

"Basi niache niutazame."

Msimu ukaisha, mtambo ukazimwa, wakamruhusu. Akaingiza mstari wake, akajaribu, kila taa kwenye kioo ikawa ya kijani. Mkuu wa zamu akaandika kwenye kundi lao: "Safi sana, Bi Kufuli!" Pongezi zikamiminika. Dada akawa anatafuta humo kundini jina la yule binti ili amwambie kuwa kapu sasa linapokea. Akapekua juu, akapekua chini. Binti alikuwa ameshajitoa kundini.