Sahihi ya Fundi Pampu

Fundi wa pampu za maji alikuwa mtu wa daftari. Kila saa aliandika presha ya maji na joto la mota. Kabla ya kupokea zamu alipitia ukurasa wa mwenzake, akaandika chini "Nimekagua" na kutia sahihi. Miaka kumi na tisa hiyo. Wenzake walimwita Bwana Sahihi.

Binti yake alipoingia sekondari, alimletea daftari la ziada kutoka kazini, jeusi la jalada gumu kama lake. "La masomo hili, mwanangu." Binti akashukuru, kisha akalifanya shajara yake, pa kumwagia ya moyoni. Baba hakujua.

Jumamosi moja alilikuta juu ya meza ya jikoni, akadhani ni lake. Akavaa miwani, akafungua. Mstari wa kwanza tu ulimwambia si lake. Hapo ndipo alipopaswa kulifunga. Hakulifunga. Alisoma wima, kama mwizi anayeogopa kukaa kwenye kiti cha watu:

"Leo Baba alikuja shuleni na ovaroli ya grisi. Wenzangu wakauliza ni nani. Nikasema jirani."

Alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Macho yalibaki palepale, na mkono, kwa mazoea yake, ukachomoa kalamu mfukoni. Alipozinduka wino ulishakauka: Nimekagua. Tarehe. Sahihi.

Akajaribu kufuta kwa mate, karatasi ikachubuka. Binti akaingia na mkate wa dukani.

"Baba! Umesaini?"

"Mkono tu, mama."

"Na macho je?"

Fundi akavua miwani. "Nilijua si langu, nikaendelea. Nisamehe."

Binti alikumbuka ukurasa ule una nini, naye akainamisha kichwa. Siku mbili nzima hawakusemezana ila shikamoo na marahaba.

Siku ya tatu binti akamwambia, "Ijumaa kuna kikao cha wazazi."

"Nivae nini?"

"Chochote, Baba." Lakini hakumtazama.

Alivaa shati jeupe, akajibanza safu ya mwisho. Mwalimu alipouliza nani kaja na mzazi, binti akasimama, akasema: "Mimi. Baba yangu yule kule nyuma."

Watu wakageuka. Fundi akasimama, uso hauinuki. Hakujua ametajwa kwa mapenzi, au kwa kuwa alisoma yasiyomhusu.