Lenzi Iliyopokezanwa

Saa za ukutani zimesimama, kila moja na wakati wake, na hakuna anayezitia ufunguo. Zamani, kabla hujafika mlangoni mwa karakana, ulisikia milio yake, kisha sauti ya fundi Sekunde: "Ingia, ila meza usiiguse!"

Hilo ndilo jina alilobaki nalo baada ya miaka ishirini na sita ya kutengeneza saa. Alifanya kazi bega kwa bega na mdogo wake wa kike, kwa lenzi moja nyeusi ya kukuzia vitu, ya kubana jichoni. Kaka akiitoa, dada huipulizia pumzi, huifuta kwa pindo la shati, huibana ikiwa bado ina joto la jicho la mwenzake.

Kinyama, kiotea chembamba cha nyama, kilianzia pembeni mwa jicho la kulia la Sekunde, jicho la lenzi. Taratibu kikatambaa juu ya weupe hadi ukingoni mwa mboni.

"Kaka, jicho limeota mkia!"

"Liache. Litafukuza nzi."

Daktari wa kliniki ya macho hakucheka. Jua na vumbi ndivyo vinavyotajwa zaidi kuwa chanzo, alisema. Wapo watafiti wanaoshuku virusi pia, maana vimeonekana kwenye baadhi ya vinyama, na vingine havina kitu. Akakikata, akakipeleka maabara kupimwa saratani. Haikuwapo. Virusi havikupimwa, kipimo chake pale hakikuwapo.

Sekunde aliuliza jambo moja tu: je, lenzi ingeweza kuvibeba?

"Kwa kweli sijui, mzee wangu. Nunueni mbili."

Zikanunuliwa. Lakini tangu hapo, kila asubuhi alimgeuza dada yake kuelekea dirishani, akamvuta kope.

"Humu mna jicho tu, kaka!"

"Tazama juu."

Haoni kitu. Baada ya saa moja anarudia. Saa za watu zikalala wazi mezani, zikishika vumbi. Wateja wakapungua, naye akaendelea kutazama.

Siku moja dada akaushika mkono wake hewani. "Mimi si saa, kaka. Utanifungua mpaka lini?" Akavua aproni, akachukua lenzi yake, akaenda kukodi meza yake ya kazi mtaa wa pili.

Sekunde alisubiri uchungu uje. Haukuja. Alifunga dirisha, kisha mlango.

Siku hizi yuko mapokezi katika kliniki ile ile ya macho. Anaandika majina na kuwaonyesha watu benchi.