Leseni ya Kumchunguza Mchumba

Dada yangu alinipigia simu kutoka Mombasa akanituma kazi. Kijana mmoja anayeishi hapa London ninakoishi mimi, mlinzi wa duka kubwa la nguo huko Stratford, alikuwa amemposa binti yake. Sasa dada amesikia kwamba kijana ana mke hukuhuku. Nimuulizie, kisha nimpe jibu kabla yeye hajawajibu wazee walioleta posa.

Kwetu kumuulizia mchumba ni jambo la kawaida. Unakwenda kwa majirani, unakunywa chai, unaondoka na habari zote. Lakini mimi nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo nilianza na sheria. Je, mtu asiye na leseni anaruhusiwa kumpeleleza mwenzake? Nilijifungia nyumbani Queensbury siku mbili nikisoma. Marekani kila jimbo lina lake: Texas wanataka leseni, Mississippi hawana habari nayo. Kenya wapelelezi binafsi wanatakiwa wasajiliwe. Hapa Uingereza, hadi leo, mpelelezi haulizwi leseni. Anayeulizwa ni mlinzi wa mlangoni. Yaani kijana alihitaji kibali ili anitazame mimi, nami sikuhitaji chochote ili nimtazame yeye.

Nikaenda Stratford nimevaa kofia. Nilipita mbele ya duka mara mbili, nikijifanya natazama viatu dirishani. Mara ya tatu akatoka, leseni yake imefungwa kwenye mkono wa koti, akanijia moja kwa moja. Nikajiandaa kumsomea sheria.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Wazee waliniambia utakuja kuniulizia. Nimekungoja wiki mbili."

Niliitikia marahaba na kuvua kofia. Akaongeza, kwa adabu, kwamba viatu vile ni vya kike.

Wakati wake wa mapumziko tulikaa kwenye benchi, nikamuuliza waziwazi kuhusu mke. Alisema alikuwa naye, wakaachana mwaka juzi. Kisha akapiga namba na kunipa simu.

"Usiniamini mimi, mjomba. Huyu ni kaka yake. Muulize."

Shemeji huyo wa zamani, mtu wa Malindi, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia talaka ilitoka kwa wema, dada yake ameshaolewa tena na ana mtoto. Nikamuuliza, je, kijana mwenyewe ni mtu wa namna gani?

"Ningekuwa na dada mwingine," akasema, "ningempa huyohuyo."

Nilihisi mabega yangu yanashuka. Nusu ya faraja ile, nakiri, ilikuwa yangu mwenyewe: sitakuwa mjomba aliyevunja harusi.

Nikampigia dada palepale, kijana akiwa kando yangu anatazama chini. Nilimweleza yote. Akauliza kama binti anajua habari za ile talaka, nami nikamuuliza kijana. Kijana akaitikia kwa kichwa: alimwambia tangu siku ya kwanza, ila binti aliogopa kumwambia mama yake.

"Basi wazee nawajibu leo, waje," dada akasema nilipomfikishia jibu hilo. Kabla hajakata simu nilimsikia akimwita binti yake kutoka jikoni, kwa jina lake lote, lakini kwa sauti ya kucheka.