Mstari wa Oldřich

Vlasta Kubíčková huvaa ndala za sufi ofisini na hula chakula cha mchana saa tano kamili. Kwa miaka ishirini na mbili ametengeneza kiini cha mfumo endeshi, sehemu ya chini kabisa inayoendesha kompyuta. Hapa Brno, Ucheki, tunampenda, ingawa ulimi wake ni wembe. Akinywa bia moja tu, humsifu marehemu mumewe, aliyekuwa fundi mwenzake wa kiini: "Oldřich wangu hakuwahi kuangusha mashine ya mtu!"

Machi ilikuja kompaila mpya, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Mashine za majaribio zikaanza kuzimika. Nikaropoka kwamba kompaila ni mbovu.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Vlasta akanijibu. "Tulia, Radim."

Alitafuta siku mbili, kisha akaniita.

"Ona mstari huu. Unaitumia anwani ya data kwanza, halafu ndiyo unauliza kama ipo. Umeshaingia sebuleni, umekaa, ndiyo unapiga hodi?"

Kompaila ya zamani ilivumilia. Mpya iliona swali limechelewa, ikalifuta, na mashine ikaenda kichwa kichwa hadi ikaanguka.

Kwetu kila rekebisho lazima litaje badiliko lililoleta kosa. Vlasta akafungua kumbukumbu za mabadiliko. Mwandishi: Oldřich Kubíček, miaka kumi na tisa iliyopita.

Moyo uliniuma, maana najua yule mama amebakiwa na jina jema la mumewe tu.

"Mama, tusitaje," nikamwambia. "Nani atauliza?"

"Tazama chini ya jina lake."

Nikatazama. Aliyelipitia na kulikubali badiliko lile alikuwa Vlasta mwenyewe.

"Asubuhi ile aliniletea keki za plamu," akasema. "Nikampitishia bila kusoma, mjinga mimi!" Alicheka huku akifuta macho. "Nikimficha, atakuwa mtu wa hadithi tu. Mimi niliolewa na mtu."

Akaandika rekebisho, na chini yake mstari wa kutaja kosa, mzima, na jina la Oldřich na tarehe yake. Kisha akanisogezea kiti.

"Sasa pitia wewe. Na usinipitishie kwa huruma, nitakujua!"

Nilisoma kila mstari mara tatu. Nikamrudishia mmoja aurekebishe. Akanitukana vizuri, akaurekebisha, ndipo nikaweka jina langu chini ya lake.