Chai ndiyo, kuku hapana: Ketty na abiria wa saa chache Juba

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndege kutoka Renk imeshatua. Ketty Lako (38) amesimama nje ya mlango wa wanaowasili katika uwanja wa ndege wa Juba, miwani ya jua kichwani, saa mbili mikononi. Ya kushoto inasema kweli. Ya kulia ameitanguliza nusu saa, na hiyo ndiyo anayomwonyesha abiria.

Siri ya saa ya kulia hajawahi kumwambia mteja. Hiyo nusu saa ni akiba yake ya pancha, ya tope na ya askari mwenye maswali mengi njiani.

Ketty ni dereva wa watu wanaobadilisha ndege Juba. Wanashuka asubuhi, wanaondoka mchana, na katikati wana saa mbili, tatu, nne za kukaa kwenye benchi wakihesabu nzi. Yeye huwapakia kwenye Vitz yake ya kijivu, akawapeleka mjini kwa ndugu, kanisani au kuuona mto tu, na kuwarudisha. Kwa miaka sita hajamkosesha mtu ndege.

Malipo ni dola ishirini kwa safari, na petroli hunywa karibu nusu. Wiki nzuri ina abiria watano. Wiki mbaya, yeye na wanawe wawili pale mtaa wa Hai Cinema hula maharage na kushukuru.

Ukimuuliza adui mkubwa wa kazi hii, utadhani atataja tope. Anataja ukarimu.

"Watu yetu anapenda mgeni mpaka ndege inaruka," anasema, na Kiswahili chake ni kile alichokiokota kambini Uganda, alikokulia. "Mimi iko na sheria. Chai, ndiyo. Kuku, hapana."

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Ketty hafiki hata huko kwenye jembe. Ndiyo maana kwenye buti ya gari kuna hotpoti mbili, ili chakula kikichelewa kiondoke na mgeni. Sala nazo anaziruhusu, ila watu wakiwa wamesimama, kwa sababu anayeomba ameketi, anadai, lazima aanzie kwa Adamu.

Abiria wa leo ni Nhial, kijana mrefu mwenye begi moja na kitambulisho cha kazi shingoni. Ni mhudumu wa maabara huko Renk. Saa nane mchana anapanda ndege ya Entebbe kwenda kusoma mwaka mzima Kampala, na masomo yanaanza kesho. Kaunta inafungwa saa saba. Akichelewa, nafasi yake anapewa mwingine.

Mkewe, Lilly, yuko Lemon Gaba, pembezoni mwa mji, kwa mama yake alikokuja kujifungulia. Mtoto, Nyagach, ana miezi saba.

"Nimemwona kwa simu tu," anasema Nhial, aliyesomea Kakuma, Kenya. "Sijawahi mshika."

Ketty anakanyaga mafuta.

Akiwa bado uwanjani alikuwa amempigia simu mama yake Lilly, Bibi Rejoice, akamweleza sheria ya kuku. Bibi alisema ndiyo, amekubali kabisa, kisha akakata simu na kuchinja. Vitz inapoingia uani baada ya dakika arobaini za madimbwi, kuku yuko jikoni, anatokota bila wasiwasi wowote.

Ketty anamwonyesha Nhial saa ya kulia. Ikigonga sita kamili, wanatoka. Ana dakika ishirini.

Nyagach amelala.

Amelala chini ya chandarua, ngumi mbili kando ya kichwa. Lilly, ambaye hajamaliza hata kumwangalia mumewe, ananyoosha mkono amwamshe. Nhial anamzuia.

"Wacha alale. Nikimwamsha atalia, na sitaki aniogope siku ya kwanza."

Basi wanakaa, mume na mke, sakafuni, mabega yamegusana, wakimtazama mtoto akipumua. Bibi Rejoice anachungulia mlangoni mara tatu, na mara zote anarudi kwa kuku wake akijifuta macho kwa kanga. Chai inapoa bila kunywewa.

Saa ya kulia inafika sita. Nhial anasimama bila kukumbushwa. Anaingiza vidole chini ya chandarua, anagusa wayo mdogo, anachukua begi.

Ketty amezoea kuwa katili dakika hii. Amewahi kukatisha sala ya mchungaji, amewahi kumtoa mzee kwenye sahani yenye mnofu. Leo anavua saa ya kulia na kuitia mfukoni.

"Kaa chini," anasema. "Saa hii inadanganya. Iko nusu saa nilificha."

Nhial anamtazama kama asiyeelewa, kisha anakaa haraka. Ketty anatoka nje, anainama kukagua matairi yote manne. Moja likipasuka sasa, kijana amekosa chuo, naye amevunja rekodi yake ya miaka sita.

Zinapita dakika kumi na moja. Nyagach anafumbua macho. Halii. Anamkagua huyu mgeni kwa makini, ananyoosha mkono, anakamata kitambulisho shingoni mwake na kukitia mdomoni. Nhial anambeba. Analia waziwazi, na hakuna anayemcheka.

Nusu saa inapokwisha, hata kuku ameiva. Anaingia kwenye hotpoti pamoja na asida, ugali wa huku. Sala inaombwa kwa kusimama, fupi, ingawa Bibi anampenyeza Ibrahimu.

Njiani tope linalishika gari mara moja, linaliachia. Saa saba kasoro dakika kumi, Nhial anaingia mlangoni, wa mwisho kwenye foleni, kitambulisho bado kimelowa mate ya binti yake.

Ketty anapumua. Anaelekeza kidole kwenye benchi moja ndani ya ukumbi, la tatu kutoka ukutani, na hapo anaeleza alivyoianza kazi hii.

Mwaka 2012 baba yake alipita hapa akitokea Wau kwenda kutibiwa Khartoum. Alikaa kwenye benchi lile saa tatu, simu haina chaji, akiogopa kutoka asije akaachwa na ndege. Ketty alikuwa mtaa wa Malakia akiuza nyanya, mwendo wa robo saa. Alipata habari jioni, baba ameshaondoka. Mzee alizikwa Khartoum.

Sasa ameandika barua kuomba kibali cha kuweka meza ndogo ndani, karibu na mabenchi. Jibu bado. Kibao cha kuweka juu ya meza ameshakichora mwenyewe, kwa rangi nyekundu, na anakitoa chini ya kiti cha gari kukionyesha. Kimeandikwa kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiingereza, na chini kabisa kwa Kiswahili: *Uko na masaa ngapi?*

"Swali hiyo tu," anasema Ketty, akiirudisha saa mkononi. "Mtu angeuliza baba yangu hiyo, mimi ningemwona."